Ruhusa Isiyokuwa Yao

Daudi, 1 Machi 2025

Dkt. Irene, msimamizi wangu chuoni, anasema kila mtafiti awe na madaftari mawili: moja la utafiti, ambalo yeye atalisoma, na jingine la kumwaga yaliyo moyoni, ambalo hatalisoma mtu. Hili ni la pili. Humu nitakasirika ninavyotaka.

Kesho natoka hapa kijijini Daudi, naenda kijiji cha Gendabi kukaa masika yote. Nasomea masters ya masuala ya jinsia, na mwaka jana maktabani nilisoma kwamba wanawake wa Kibarbaig wana kikao chao ambacho mwanamume hakanyagi, na kikao hicho kinaweza kumtoza mwanamume faini ya dume la ng'ombe. Nilicheka kwa sauti mpaka watu wakageuka. Nimezaliwa wilaya ya jirani, nimekua nikiwaona wanawake hao wakipita na sketi zao za ngozi, na hakuna aliyewahi kuniambia. Sasa nataka kukaa ndani ya kikao hicho nisikie. Nisipokaa, sina tasnifu.

Mama alikuwa ananifungia maharage kwenye kiroba. "Hilda, mtu anasoma mpaka chuo kikuu, halafu anakwenda kwa Wamang'ati kujifunza nini?"

"Wabarbaig, mama. Hilo jina lingine hawalipendi."

"Na wao wanatuitaje sisi? Umewauliza?"

Sijui. Nimeliandika kuwa swali la kwanza. Baba yeye ameshauri wakiniuliza nasomea nini, niseme maendeleo ya jamii. Eti hayo mambo ya jinsia yatanichelewesha kuolewa.

Gendabi, 3 Machi

Nimefika, na viatu vyangu vimefia kwenye tope. Mvua imetangulia. Mlima Hanang sijauona, naambiwa tu kwamba uko.

Mwenyeji wangu ni Mama Gidahosh, mjane, mrefu kama mlango, amechanjwa duara ndogo ndogo kuzunguka macho. Kiswahili anakielewa chote ila anakitumia kwa ubahili. Katika boma hilo hilo anaishi mwanawe Gidahosh, na mke wa Gidahosh, Justina, mwenye mtoto mchanga wa kiume aitwaye Joseph. Justina alimaliza darasa la saba na ndiye mkalimani wangu.

Leo nimemwuliza jina la marehemu baba mkwe wake. Akaziba mdomo kwa khanga. Hawezi kulitaja, wala maneno yanayofanana na jina hilo. Kwa kila neno la namna hiyo wanawake wana neno lingine. "Na ukisahau?" "Sisahau." "Na mumeo akikuambia ulitaje?" Akaniangalia kama mgonjwa. "Hiyo si yake kuniambia, dada." Kurasa nne za daftari la utafiti zimejaa kabla ya chai.

5 Machi

Siku nzuri sana. Nilijitambulisha kwa wazee wa kiume, walikokaa nje ya zizi la Mzee Gidabuday. Niliwasalimia mmoja mmoja, shikamoo mpaka ya mwisho, nikaeleza kwamba naomba kujifunza kuhusu kikao cha wanawake. Walizungumza kwa Kidatoga, lugha yao, kwa muda mrefu. Kisha Mzee Gidabuday akasema, "Tumekuruhusu. Wanawake wetu wako pale, waulize unachotaka." Nikapiga makofi mwenyewe. Dkt. Irene nimemtumia ujumbe: MLANGO UMEFUNGUKA.

6 Machi

Mvua.

9 Machi

Nimewauliza wanawake saba. Wote jibu moja: "Kikao? Sijui. Waulize wanaume, si ndio waliokuruhusu."

12 Machi

Tangu juzi bado hivyo hivyo. Bibi mmoja alinikaribisha maziwa, akanisifia nywele, akanionyesha shanga zake zote. Nikataja kikao, akakumbuka ghafla kwamba ana ndama wa kufunga. Nilikuwa najua kwamba yule ndama amefungwa.

13 Machi

Mvua. Nimekula maharage ya mama. Nimekumbuka nyumbani.

16 Machi

Leo nimemkamata Justina kisimani nikamwambia, basi niambie nimekosea wapi, maana naona nyote mnanicheka.

Akacheka kweli, mpaka akaweka ndoo chini. "Dada, ungetaka kuchota maji ya kisima hiki, ungeenda kumwomba mtu wa kijiji kingine, wa Bashay?"

"Hapana."

"Sasa kikao chetu ulikwenda kukiomba kwa wanaume. Na wao wakakupa! Siku ile ile habari ilifika boma kwa boma. Kina mama wanasema, wanaume wametoa kitu ambacho hawana, na msomi amepokea."

Niliona aibu mpaka masikioni. Miaka miwili nimesoma nadharia za nani ana mamlaka juu ya nini, na wiki ya kwanza tu nimekwenda kuinamia vigoda vya wanaume. Na si kwamba nilisahau. Kwetu Daudi ndivyo tunavyofanya. Ukitaka jambo la mama, unaanza na baba. Sikuwaza hata kidogo kwamba kuna mahali pasipo hivyo.

Jioni nilimwendea Mama Gidahosh nikaomba radhi. Alikuwa anakamua. Hakugeuka. "Radhi nimeisikia," alisema. "Sasa rudi kwao ukawarudishie ruhusa yao."

"Ruhusa inarudishwaje, mama?"

"Ulivyoipokea."

17 Machi

Nimekwenda. Wazee walikuwa wamekaa pale pale, kwa sababu mvua ilikuwa imepumzika. Nikawasalimia tena mmoja mmoja, nikasimama mbele ya Mzee Gidabuday, nikasema, "Mzee, nimekuja kurudisha ile ruhusa mliyonipa. Nimeambiwa haikuwa yenu." Nilisema haraka haraka, kwa kuwa mzee yule ana fimbo ndefu na sura ya kukasirika hata akilala.

Kisha mzee mmoja akaanza kukohoa, nikagundua ni kicheko. Mzee Gidabuday akanyoosha kiganja, mimi nikaweka changu juu yake, akakifunga. "Nimeipokea," alisema. "Wamekuambia kweli. Mimi mwenyewe walinila dume jeusi, mwaka niliompiga mke wangu akiwa bado ndani na mtoto mchanga. Walikuja wote na fimbo zao, wanaimba. Sikuwahi kuogopa simba hivyo."

"Na ulilitoa?"

"Ningefanyaje? Wangenilaani. Mtu anaweza kuishi bila dume."

Hiki ndicho kitu cha kwanza cha maana nilichopata Gendabi, na nimekipata kwa mwanamume. Sijui Dkt. Irene atasemaje.

22 Machi

Mama Gidahosh ameniambia kina mama wamezungumza. Kikao kijacho nitakaa pembeni, na kalamu yangu, niandike watakaponiruhusu. Niliruka. Yeye akasema, "Tulia, utamwamsha mtoto."

2 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Upande lilikopita lile tope la mwaka juzi, lililoporomoka mlimani na kuua watu, hawalali vizuri. Justina akisikia mawe yanagongana korongoni humfunga Joseph mgongoni, hata saa sita mchana.

8 Aprili

Nimeanza kumpenda Gidahosh. Nilikuja nikiwa nimeshamweka kwenye fungu la "mfumo dume", lakini huyu mtu anamwimbia mtoto, ananichajia simu kwenye sola yake, na ananiita Mmbulu kwa namna ambayo huwezi kukasirika. (Swali la mama limejibiwa: ndivyo wanavyotuita, na majina mengine ambayo Justina amekataa kuyatafsiri.) Ndoto yake ni pikipiki, abebe abiria mpaka mjini Katesh. Ananieleza habari za injini kama mimi ni fundi.

14 Aprili

Justina amekwenda kwao kumwonyesha mtoto kwa bibi yake. Boma limepoa. Nafua.

17 Aprili

Ukungu asubuhi. Nikinywa chai nje, Gidahosh kapita na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda, nikamsalimia, akasema anampeleka joshoni kuogeshwa dawa ya kupe. Mchana nimeandika ukurasa mmoja na nusu wa sura ya pili.

20 Aprili, Pasaka

Justina amerudi. Hakuuliza chai wala maji, aliingia zizini akatoka, akaingia tena. Ng'ombe mwekundu hayupo.

Nilikuwa sijajua ng'ombe yule ni nani. Ndiye aliyepewa na baba yake siku anaolewa. Kwa Wabarbaig ng'ombe wa namna hiyo na uzao wake wote ni mali ya mwanamke na watoto wake; mume anachunga tu. Maziwa anayokunywa Justina ili Joseph anyonye ni ya huyo. Ng'ombe ambao Joseph ataanzia maisha ni wa tumbo la huyo.

Gidahosh anasema alipotelea kwenye ukungu malishoni. Amezunguka na wenzake kutwa nzima kumtafuta, ameloana mpaka nikamhurumia. Kisha nikakumbuka chai yangu ya Alhamisi, na huruma ikaniisha. Josho liko upande wa juu. Yeye alikuwa anateremka, njia ya mnadani.

21 Aprili

Sijasema. Nimekaa na Justina meza moja, yaani jiko moja, na sijasema. Najiambia mimi ni mgeni, mtafiti haingilii, labda alibadili njia. Justina hali. Joseph analia kwa sababu maziwa yamepungua, na mimi naandika kwamba analia.

23 Aprili

Mama Gidahosh amenikuta navunja kuni. Akakaa kwenye gogo, jambo ambalo halifanyi.

"Asubuhi ile ya ukungu ulikuwa umekaa hapa na chai. Nilikuwa ndani, nikasikia unamsalimia mwanangu. Sauti nilisikia. Kuona, uliona wewe."

Nikaendelea kuvunja kuni.

"Sikuulizi sasa. Maswali ni ya kesho kutwa. Justina amewaita kina mama, na mimi ndiye nitakayefungua kikao."

"Mama, ni mtoto wako."

"Najua ni mtoto wangu. Nilimzaa mchana, kila mtu alisikia." Alichukua kuni moja akaiweka kwenye fungu. "Sikiliza. Tulikuahidi ukae pembeni na kalamu. Ukitaka hivyo, kaa, hatutakufukuza, na hatutakuuliza. Lakini ukiingia ndani kusema ulichoona, kalamu inabaki nyumbani. Anayesema ndani ni mtu wa ndani. Na ya ndani hayatoki, si kwa mume, si kwa shule. Chagua mwenyewe."

Nimepanda kichuguu ambako mtandao unapatikana, nikampigia Dkt. Irene. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa hilo nampongeza. "Hilda, wewe ni mtafiti, siyo shahidi," alisema. "Nusu ya wanaoandika kuhusu jambo hili hawajawahi kukiona kikao. Wewe umepewa nafasi ya kukaa pembeni na kuandika. Ukiingia ndani, utaniletea nini?"

"Sijui."

"Hakuna mwingine aliyeona?"

"Hakuna."

"Siwezi kukuambia uende, na siwezi kukuambia usiende. Ila tarehe ya kuwasilisha haisogei."

Nimekasirika na kila mtu. Nimemkasirikia Gidahosh kwa uongo wake wa kitoto, Mama Gidahosh kwa kuniachia uchaguzi badala ya kuniamuru tu, na Dkt. Irene kwa kuwa na haki. Zaidi nimejikasirikia mimi, kwa sababu swali limekaa kichwani wazi kabisa na jibu nalijua: nikikaa pembeni na kalamu, nitaandika vizuri sana jinsi mwanamke alivyokosa ng'ombe wake kwa kukosa shahidi, na shahidi nitakuwa mimi ninayeandika.

25 Aprili

Nimeiacha kalamu juu ya kitanda. Nimeingia.

26 Aprili

Yaliyosemwa ndani siandiki, hata humu. Naandika tu kile ambacho mpita njia yeyote aliyekuwa Gendabi jana angekiona.

Angewaona wanawake wengi wamekaa uwandani tangu asubuhi, sketi za ngozi zimeng'aa kwa mafuta, na wanaume wote wakiwa wamepata ghafla kazi za mbali. Angeona wanakaa mpaka mvua ikaja na hawakunyanyuka. Baadaye angewaona wamesimama, kila mmoja na fimbo, wakaelekea kwenye boma la Gidahosh wakiimba, na katikati yao Mmbulu mmoja asiyejua wimbo, kashika fimbo kinyume mpaka jirani yake akamgeuzia. Aliyetangulia mbele alikuwa mama yake Gidahosh.

Gidahosh alikuwa amesimama mlangoni pa zizi. Alipomwona mama yake alivua kofia. Sijui alitegemea nini, labda kwamba wangekuja wote ila huyo. Mama yake hakupunguza mwendo. Waliingia zizini wakalitoa dume jeusi, lile analolipenda Gidahosh, naye akasogea kando kuwapisha. Justina alisimama pembeni na Joseph mgongoni, analia waziwazi, na hata sasa sijui alilia kwa furaha au kwa ajili ya mume wake. Nilitaka kumwuliza. Kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo, nilikuwa na swali nikaliacha lipite.

Nyama tulikula sisi. Mimi nilipewa kipande kama wengine. Nilikula huku nikitetemeka kwa baridi, na sikumbuki kama nimewahi kuketi na watu nikajisikia nimefika hivyo.

27 Aprili

Mvua. Gidahosh hakuitikia salamu yangu. Ni haki yake.

4 Mei

Ng'ombe mwekundu amerudi! Gidahosh amemfuata mnunuzi mpaka kijiji cha tatu, akamkomboa kwa madume yake mawili. Alikuwa ameanza kweli kulipia pikipiki, ameachana nayo. Justina amekamua mwenyewe, akanipa kikombe cha kwanza baada ya mtoto. Povu lilikuwa bado moto.

9 Mei

Gidahosh amekuja na waya wa chaji, ameutupa mapajani mwangu. "Chaji simu, Mmbulu. Umenigharimu dume. Jua la kuchajia ni la Mungu."

Nikamwuliza kama anamchukia mama yake. Ndiyo, niliuliza, ndivyo nilivyo. "Siku ile nilimwogopa," alisema. "Lakini nikiwa na binti, nitataka mama mkwe wake awe kama yeye." Nikamwambia naomba kuliandika hilo, akasema hilo ni lake, niandike.

15 Mei

Nimehesabu nilicho nacho: majina yasiyotajwa, shanga, josho, mzee mmoja aliyeogopa wanawake kuliko simba, na Gidahosh. Kuhusu kikao chenyewe, hakuna. Dkt. Irene amejibu kwa upole kuliko nilivyotegemea: nimpelekee kitu kipya kabla ya Julai, la sivyo nirudie mwaka.

28 Mei

Nimeaga. Mama Gidahosh alinitemea mate kidogo kiganjani, ndiyo baraka. Niliuliza kama nitakaribishwa tena. Justina akatafsiri: "Mtu wa ndani haulizi."

Daudi, 7 Juni

Nyumbani. Tunapura maharage. Mvua zimekatika, kuna baridi ile ya kwetu ya kuuma vidole. Baba ameuliza kama nimepata mchumba.

11 Juni

Leo tulikuwa wawili tu uani, mimi na mama, tunachambua maharage kwenye ungo. Baba alikuwa ameenda kanisani kwenye kamati. Mama hajaniuliza lolote la Gendabi tangu nirudi na kuwasimulia habari ya lile dume, nikadhani bado amenuna kuhusu Wamang'ati wake. Ghafla akasema, "Kwa hiyo huyo mama alitembea mbele, kumwendea mwanawe mwenyewe."

"Alitembea."

"Kwa ajili ya mke wa mwana."

"Ndiyo, mama."

"Na ndani walisema nini?"

"Siruhusiwi kusema."

Nilitegemea angefoka. Badala yake alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima kitambaa kizuri. Alichambua tena kwa muda, mawe madogo huku, maharage huku.

"Na mwanamke wa Daudi," alisema, "wanampokea? Akiwa na neno lake?"

Nikauliza neno gani.

"Yule mtamba wangu. Nilimnunua kwa vitunguu saumu vyangu, nikamlea kwa mkono. Mwaka unaanza hayo masomo, nilirudi sokoni nikamkuta ameuzwa ili uende. Sikatai kwamba uende. Ningemtoa mwenyewe, kwa mikono miwili. Baba yako hakuniuliza." Sauti yake haikupanda. "Nilikwenda kwa mama yake mzazi, akaniambia, mwanangu, tangu lini mke ana ng'ombe wake? Nilikwenda kwa padri. Akaniombea subira. Nimekaa nayo hiyo subira mpaka leo."

Nilidhani msimu mzima nimekwenda mbali kutafuta kwa nini mwanamke mmoja ana mahali pa kusemea, kumbe aliyekosa mahali hapo alikuwa nyumbani, na ng'ombe wake nilimtafuna kama ada. Nililia, naye akaniacha nilie, kwa kuwa maharage yalikuwa mengi.

Nilipofuta uso nilimwambia, "Mama, jambo hili ni lako. Sitaliandika ukikataa. Na sitamwuliza baba."

Akaweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole, akavuta kigoda chake mbele yangu na kukaa wima kama anayepigwa picha.

"Andika," alisema. "Na jina usilifiche. Andika Genoveva."